Taa ya karatasi iliyopaa bila kubeba moto

Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo ya Juni akiwa na jambo moja tu kichwani. Alikuwa ameona kwenye simu watu wakirusha taa za karatasi usiku, mamia kwa mamia, kila taa ina maandishi ubavuni. Hata begi hajaweka chini, akaniambia, “Shangazi, na sisi tumrushie bibi.”

Bibi yake ni mama yangu. Mwezi huo tulikuwa tunatimiza mwaka tangu tumzike. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona, na cherehani ninayoitumia mpaka leo ni yake.

Nilimjibu palepale kwamba jina la bibi tutaandika, lakini moto hautaondoka uani kwangu kwenda angani. Anayeishi Njombe atanielewa. Juni hadi Septemba huku ni kiangazi, nyasi zimekauka, na ukisimama mahali popote ukatazama mbele, kuna mipaina ya mtu. Watu hapa wanapanda mipaina kama wengine wanavyoweka akiba benki. Kaka yangu, baba wa kijana huyu, alipanda ekari mbili, akazipalilia miaka minane. Jirani mmoja akachoma masalia ya mahindi mchana wa upepo, na kufikia jioni zile ekari mbili zilikuwa vijiti vyeusi. Kijana aliyaona kwa macho yake akiwa darasa la tano. Nilipomkumbusha alinyamaza, kisha akasema, “Sawa shangazi, ila nifundishe basi inayopaa.”

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mimi ni fundi wa sare na vitenge. Mambo ya kupaa sikuwa nayajua.

Nilisoma nilichoweza. Wachina wanaiita taa ya Kongming, wakiihusisha na Zhuge Liang, mshauri wa vita wa karne ya 3. Taiwan kuna mji mdogo wa milimani unaoitwa Pingxi, zamani ulikuwa wa machimbo ya makaa ya mawe, na sasa watu wanakwenda huko kuandika dua na matakwa yao kwenye taa na kuzirusha. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, wanazirusha kwenye sikukuu ya Yi Peng, na wao wanaziita khom loi. Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa: mfuko wa karatasi nyepesi uliogeuzwa mdomo chini, duara la mwanzi mdomoni, na katikati ya duara kitambi kilicholowekwa nta au mafuta. Kitambi kikiwaka, hewa ya ndani inapata moto, taa inapanda. Kitambi kikizimika, taa inashuka popote itakaposhuka. Na kama hakijazimika, inashuka nacho.

Nikasoma pia habari ya Krefeld, Ujerumani. Usiku wa kuamkia mwaka 2020 taa za namna hii ziliangukia paa la nyumba ya sokwe katika bustani ya wanyama. Wanyama zaidi ya 30 waliteketea, wakiwemo gorila na orangutani. Na taa hizo zilikuwa zimeshapigwa marufuku huko tangu 2009. Nilimsomea kijana habari hiyo wakati tunakunywa chai. Hakuimaliza chai yake.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la magazeti. Alitengeneza kitu kama boksi refu, akakibandika kwa solotepu, tukakishika juu ya jiko la mkaa. Kikajaa vizuri kabisa, na kilipoachiwa kikakaa palepale mikononi kama mtoto mzito. Gazeti lina uzito zaidi ya mara mbili ya karatasi ile laini ya kufungia zawadi, na solotepu nayo ina uzito wake.

Jaribio la pili naliandika ili mtu mwingine asilirudie. Aliniomba sana tuweke kitambi mara moja tu, kwa kufunga na uzi, katikati ya uwanja uliofagiliwa, ndoo mbili za maji pembeni. Nikakubali. Tukatumia karatasi laini, na pamba yenye mafuta ya taa kidogo. Ilinyanyuka kama kimo cha mtu. Upepo mdogo ukapita, ambao hata jani la mgomba haukulitikisa, taa ikalala ubavu, karatasi ikagusa moto. Sikuhesabu hata tatu. Karatasi yote iliisha, na vipande vyeusi vyenye ukingo mwekundu vikapanda juu na kuruka ukuta wa miti kwenda kwa jirani. Nilikimbia na kandambili moja. Kilichoangukia kwenye nyasi zake kilizimika chenyewe kabla sijafika. Nilisimama pale natetemeka, na kijana nyuma yangu kashika ndoo, machozi yanamtoka. Kitambi hatukukizungumzia tena.

Basi usiku ule nikawaza kama fundi. Kinachonyanyua karatasi ni hewa ya moto, na moto wenyewe hauna lazima ya kusafiri. Ukibaki chini kwenye jiko, taa itapaa kwa joto iliyolipata, ikipoa itarudi. Haitafika mbali, na kufika mbali ndiko nisikokutaka.

Lakini hapo hesabu inakuwa kali, kwa sababu joto unalo mara moja tu. Hewa ya pwani, mita moja ya ujazo, ina uzito wa kama kilo 1.2. Sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi zaidi, kama kilo moja tu asubuhi ya baridi. Ukiipasha hadi nyuzi 80 inatanuka, na ile inayobaki ndani ya mfuko inakuwa pungufu kwa kama gramu 200 kwa kila mita ya ujazo. Hizo gramu ndizo nguvu yako yote. Mfuko wa nusu mita ya ujazo unakupa gramu 100 hivi, na ndani ya hizo karatasi, gundi, duara na uzi lazima vienee. Kijana anasoma kidato cha pili, aliifanya hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, katikati ya kiuno cha mtu na urefu wa gauni la mtu mwingine.

Umbo lilikuwa kazi yangu. Kama umewahi kushona sketi ya vipande, unajua kwamba kitambaa cha bapa kinapata mviringo kutokana na jinsi unavyoukata ukingo wa kila kipande. Taa nayo ni hivyo hivyo. Nilikata vipande vinane. Karatasi laini za dukani kwetu zina sentimita 50 kwa 70, nikaunganisha mbili mbili kwa urefu, kwa hiyo zilitumika 16. Pateni nilikata ya boksi, nusu tu, karatasi ikunjwe katikati kama ulivyofundishwa kukata mgongo wa gauni. Upana kamili wa kipande, bila ukingo wa kubandikia, ni huu: kileleni kinaanzia ncha, ukishuka sentimita 20 kina 15, kwenye 40 kina 28, kwenye 60 kina 37, kwenye 80 kinafika 40 na hapo ndipo tumboni. Kisha kinarudi, 37 kwenye mita moja, 28 kwenye 120, na kinaishia mdomoni kwenye 138 kikiwa na 17. Ongeza sentimita moja kila upande ya kubandika. Vikiungana unapata kitu kinachokaribia mviringo, kipenyo chake kama mita moja.

Gundi ni uji wa unga wa ngano, vijiko viwili kwa kikombe cha maji, uchujwe kwa kitambaa. Mara ya kwanza nilipaka kwa kidole kama wanavyopaka watoto wa shule, karatasi ikalegea na kuchanika. Dawa yake ni brashi ndogo, uji mwepesi, na mkono usiorudi mara mbili mahali pamoja.

Kuunganisha kuna siri ambayo nilifurahi nilipoigundua, ingawa najua wengine waliigundua kabla yangu. Usijaribu kuishika taa ikiwa mviringo. Laza kipande cha kwanza mezani, cha pili juu yake, cha chini kichomoze sentimita moja upande wa kushoto, paka uji, ukunje ule ukingo. Weka cha tatu, na safari hii bandika upande wa kulia. Endelea hivyo kushoto na kulia mpaka cha nane, huku ukitenganisha kwa vipande vya gazeti ili uji usigandishe tabaka zisizohusika. Mwisho unafunga cha kwanza na cha nane, na mzigo wote bado umelala bapa kama nguo iliyopigwa pasi. Kileleni nikaziba kwa duara dogo, ukubwa wa mdomo wa glasi.

Duara la mdomoni lilitoka kwa mzee jirani anayegema ulanzi. Alitupasulia ufito wa mwanzi, akaukwangua kwa kisu mpaka ukawa mwembamba kama njiti ya mshikaki, akaupinda taratibu juu ya mvuke wa sufuria. Alipoona tunachofanya akatuambia kinachobeba ni moshi, tutie majani mabichi. Sikumbishia, ni mkubwa wangu. Ila ndugu wawili wa Kifaransa wa ukoo wa Montgolfier, waliokuwa watengeneza karatasi, waliamini jambo lilelile waliporusha puto lao mbele ya watu mjini Annonay tarehe 4 Juni 1783, na walichoma nyasi na sufu makusudi wapate moshi mzito. Puto lao lilikuwa la kitambaa kilichobandikwa karatasi kwa ndani, na vipande vyake vilishikizwa kwa vifungo vinavyokaribia 2,000. Habari ya vifungo hivyo niliirudia mara tatu. Kuna mtu alikaa akavishona vyote.

Tulipima taa yetu kwenye mzani wa dada anayeoka keki: gramu 78.

Tukairusha saa tisa alasiri, haikupaa. Ilijaa, ikasimama, ikawa inataka, lakini ukiiachia inakaa sekunde mbili na kukuinamia. Kijana alikata tamaa. Mimi nikarudi kwenye daftari, na jibu lilikuwa pale. Saa tisa kulikuwa na nyuzi kama 22. Tofauti kati ya ndani na nje ndiyo inayonyanyua, na jua lilikuwa limekula kama robo ya tofauti hiyo iliyokuwa ya kutusaidia. Sisi watu wa Njombe tunailalamikia baridi ya Juni kila siku, na kumbe kwa kazi hii ndiyo mtaji wetu.

Kesho yake tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Umande ulikuwa mweupe juu ya kabichi. Mkaa wa miwati tuliuwasha mapema, tukausubiri mpaka uwe mwekundu mtupu, haurushi cheche. Juu ya jiko tuliweka debe lililotobolewa huku na huku liwe bomba, na juu ya debe kipande cha wavu wa dirisha wa kukamata cheche itakayobaki. Kijana akapanda kwenye stuli akashika kilele kwa ncha za vidole, mimi nikashika duara.

Karatasi ilianza kuongea, ule mlio wa karatasi laini inapofunguka. Mikunjo ikatoka mmoja mmoja, kuanzia juu. Kulikuwa bado giza, na wekundu wa mkaa ukapita ndani ya bomba ukaingia kwenye taa, karatasi nyeupe ikawa rangi ya chungwa lililoiva, na jina la mama, ambalo tuliliandika kwa makapeni likiwa limelala mezani, likasimama. Nilikuwa nimemuuliza kijana mapema, taa gani isiyo na moto. Pale nilipata jibu langu bila yeye kusema kitu.

“Shangazi, inavuta.”

Ilikuwa inavuta kweli. Duara lilikuwa linataka kuniponyoka kama mkono wa mtoto aliyemwona mama yake. Nikahesabu thelathini zaidi, nikaachia.

Ilikwenda moja kwa moja, bila kuyumba, bila sauti yoyote. Uzi wa cherehani niliofunga kwenye duara ulikuwa unatoka kwenye kibiringo ndani ya ndoo, nikausikia unavyozunguka. Ilipita paa la nyumba, ikaupita mparachichi, na huko juu mashariki kulikuwa kumeanza kupambazuka, ikawa nyeupe tena. Nilikuwa nimeacha uzi wa mita 30. Ulikaza. Taa ikakaa pale juu imesimama kama dakika moja hivi, jina limeelekea barabarani. Mzee wa ulanzi alikuwa ametoka nje na blanketi lake, akavua kofia.

Kisha ikaanza kupoa. Ilishuka polepole kuliko ilivyopanda, ikipungua tumbo, ikalala juu ya kabichi. Kijana alikimbia kuiokota kabla umande haujailowesha, lakini upande mmoja ulikuwa umeshashika maji na ukabaki mkononi mwake. Jina lilikuwa upande mwingine. Aliikunja vizuri, mikunjo ileile ya mwanzo, akaiweka kwenye begi lake la shule katikati ya madaftari.

Uzi niliukusanya mimi. Ulikuwa na umande na vipande vya nyasi, nikaukausha juani, nikauzungusha tena kwenye kibiringo. Mchana nikapindia nao sketi tatu za sare.