Jinsi tulivyopunguza chumvi kwa wagonjwa wa shinikizo la damu

Wagonjwa wa shinikizo la damu ninaowahudumia kliniki mjini Tanga walijua vyema kwamba chumvi inawadhuru, lakini vipimo vyao havikushuka, na nilipowauliza nikabaini kwamba wengi, hasa wanaume, hula chakula kilichopikwa na wengine. Nikawaomba waje na wapishi wao, ambao kwa maoni yangu ndio hasa wanaostahili somo hili. Tuliwaonyesha kijiko kimoja cha chai, takribani gramu 5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikifikie kwa siku, tukajumlisha pia chumvi iliyomo katika papa mkavu, achari na viungo vya mchuzi vya pakiti. Ndimu na tangawizi zikashika nafasi yake. Vipimo vya wengi vimeshuka, nao wanaendelea kumeza dawa.