Mnanaa wa paka: mavuno ya kwanza

Mnanaa wangu wa paka umeanza kuchanua, maua meupe yenye vidoadoa vya zambarau, na nyuki wameshaujua. Ndicho nilichokuwa nakisubiri, maana wakati huu ndipo majani yanapokuwa na harufu kali zaidi. Leo asubuhi, umande ulipokauka, nimekata matawi ya kwanza.

Baadhi ya miche niliipata kwa mbegu, mingine kwa vipandikizi. Vipandikizi ni rahisi zaidi: kata ncha ya tawi, ondoa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji mpaka mizizi itoke. Ukiwa na udongo usiotuamisha maji na jua la kutosha, mengine mmea unajimudu wenyewe.

Kazi ni kuukinga na paka. Upande wa chini wa jani kuna vifuko vidogo sana vya mafuta yenye kemikali iitwayo nepetalaktoni, na hiyo ndiyo inayowapagawisha. Jani likiwa zima, harufu ni ndogo. Likichubuka tu, vifuko vinapasuka. Mche unaweza kukua kwa utulivu paka akiupita kila siku, lakini siku ya kuuhamishia bustanini, majani yakishasuguana na mikono yako, anakuja kuulalia. Kwa hiyo kila mche niliouhamisha niliufunika kwa wavu wa waya. Matawi yanayotokeza nje ya wavu ni halali yake, na shina linabaki salama.

Paka wangu mkubwa hunusa, akatafuna, akasugua mashavu, kisha akagaragara mgongo chini. Baada ya dakika kumi hivi huinuka akaenda zake, na hata ukimfikichia jani jingine papo hapo hana habari nalo. Yule mdogo wala hashtuki. Mmea hauna tatizo: takriban theluthi moja ya paka hawaitikii, na ni jambo la kurithi.

Kilichonivutia kuliko vyote ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Iwate, Japani, uliotolewa mwaka 2022: majani yaliyochanwa na paka hutoa harufu nyingi zaidi, na harufu hiyo hufukuza mbu. Kumbe kule kutafuna na kugaragara kuna faida! Tangu niusome, nikikaa bustanini jioni huwa nafikicha majani machache karibu yangu.

Matawi ya leo nimeyafunga mafungu madogo, yananing'inia kivulini penye hewa. Yakikauka nitayahifadhi majani yakiwa mazima kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, na kuyafikicha siku ya kuyatumia tu, ama kwenye vifuko vya kuchezea vya paka ama kwa chai (mjamzito asiinywe). Mashina nimeyakata juu kidogo ya jozi ya majani yachipue tena. Maua yajayo nitayawahi kabla hayajakomaza mbegu, maana zikimwagika, mnanaa utaota kila tuta.