Nilivyozifufua kaseti za mpira za mjomba

Kwanza kabisa, kaseti haiwekwi kwenye friji. Sijui nani alianzisha hiyo, ila karibu kila niliyemuuliza namna ya kuokoa kanda za zamani alinipa ushauri huo bila hata kupepesa macho. Mwingine akaniambia nifute utepe kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ndugu yangu, ningebaki na plastiki tupu!

Mjomba wangu alikuwa anarekodi mpira redioni. Enzi hizo Tanzania Bara ni RTD tu, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, maana Radio One ilikuja 1994, kwa hiyo mechi kubwa ilisikika kwa mtangazaji mmoja kutoka Dar hadi Kigoma, na asiye na redio alihamia kwa jirani. Kwenye boksi lake niliitaka kaseti moja: fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba na Stella Abidjan, Uwanja wa Taifa, huu wa Uhuru wa sasa. Kule Abidjan ilikuwa sare ya 0–0, watu wakaona kombe limeshafika. Tukapigwa 2–0 nyumbani. Mjomba hakuigusa tena ile kaseti, na ndiyo maana utepe wake haujachakaa. Ila ganda lilikuwa limepinda kwa joto na kile kitambaa kidogo kinachobana utepe kwenye hedi (kile kichwa cha redio kinachosoma utepe) kimebanduka.

Fundi mmoja akaniambia kazi rahisi, weka simu mbele ya spika urekodi. Haya. Nikaja kusikiliza: mtangazaji anapandisha sauti, mpira uko eneo la hatari, jogoo wa jirani anawika. Boli Zozo wa Stella anafunga, na hapo hapo muuza kahawa anapita dirishani akigonganisha vikombe, utadhani naye katokea Abidjan kuja kushangilia. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Dawa ni waya, kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi kwenye kompyuta. Kompyuta yangu haikuwa na tundu la kuingiza sauti, nikanunua kidude cha USB Kariakoo, elfu kumi na kitu, sikumbuki vizuri. Programu ya kurekodia ni Audacity, ya bure. Sauti ya redio iwe chini, ukipandisha sana inakwaruza na huwezi kuirekebisha baadaye.

Sasa operesheni yenyewe. Ganda la mjomba lilikuwa la kugundishwa, nikalipasua kwa wembe taratibu. Nikatafuta kaseti nyingine yenye skrubu tano, ikapatikana ya kwaya, wanisamehe, nikatoa magurudumu yake na utepe wake, nikaweka yale ya kaseti ya mjomba. Kitambaa cha kubania nikakiacha pale pale, ndicho nilichokuwa nakihitaji. Fanyia kazi hii juu ya sinia, maana vile virola vya pembeni vikianguka chini ya kitanda umekwisha. Halafu usikimbilie kupiga. Zungusha kwa kalamu ya Bic mpaka mwisho, urudishe mpaka mwanzo, tepe za muda mrefu hushikana.

Na hili mafundi wengi hawakuambii: pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Kaseti ikiwa inacheza, zungusha hiyo skrubu kidogo sana, kulia, kushoto, huku unasikiliza. Mtangazaji aliyekuwa anaongea kama yumo ndani ya mtungi akatoka nje, herufi za “s” zikanyooka, hata filimbi ya refa nikaipata. Nilijiona injinia.

Kabla ya yote vunja vile vimeno viwili vya juu ya kaseti, mtoto asije akabonyeza kurekodi. Na hedi isafishwe kwa pamba na spiriti.

Nilimpelekea mjomba kwenye simu. “Sawa baba, umefanya kazi. Lakini hukuona ya kuanza nayo zaidi ya hiyo?” Ameshanipa nyingine, anadai ni za mechi za timu ya Pamba ya Mwanza. Upande B shangazi amerekodia taarabu juu yake, hizo nimemrudishia.