Namba ya simu iliyokuwepo isionekane

Mwaka 2006 nilikuwa nafanya kazi kwa mzee mmoja wa Kigoma aliyekuwa akipeleka watalii Gombe kwa boti. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Mtaa wa Lumumba, mteremko wa kwenda stesheni. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta za mafuta, na intaneti ilipita kwenye dishi la setilaiti. Seva yenyewe, kompyuta ya kukodi iliyobeba tovuti ya mzee, ilikuwa Marekani. Unabonyeza herufi, unasubiri, ndipo inatokea.

Mzee akabadili namba ya simu. Tovuti ilikuwa na kurasa arobaini hivi, na kijana aliyeitengeneza, ambaye alikwisha hamia Dar, alimhakikishia kwamba namba inakaa kwenye faili moja tu, chini.html, na kila ukurasa unaichota humo. Nikaandika namba mpya, nikafungua ukurasa wa bei. Chini peupe. Namba mpya haipo, ya zamani haipo. Hapo ndipo mzee alipokumbuka kwamba hata ile ya zamani hajawahi kuiona.

"Mwanangu, huyu kijana kanila hela?"

"Subiri kwanza, mzee."

Nikafungua msimbo wa ukurasa kama kivinjari kilivyoupokea, na mstari wa kijana ulikuwemo:

<!--#include file="/chini.html" -->

Alifanya kazi, ila nusu. Agizo la namna hii linatakiwa kusomwa na seva kabla ukurasa haujatoka: seva inaliondoa, inaweka yaliyomo kwenye faili lililotajwa. Seva isiyoambiwa kulitafuta inalipitisha lilivyo, na kwa kivinjari maandishi yanayoanza hivyo ni maoni tu ya mwandishi, hayaonyeshwi. Hakuna kosa linalotangazwa. Kwangu hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote, ile inayonyamaza.

Kawaida kurasa za aina hii hupewa majina yanayoishia na .shtml, na Apache, programu ya seva inayotoa kurasa, huelekezwa kuchakata hizo peke yake. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo. Vipeperushi vyenye anwani za .html vilikwisha chapwa, vingine viko kwenye nyumba za wageni Arusha. Nani angevifuata? Nikachukua njia nyingine. Kwenye .htaccess, faili la maelekezo ya tovuti kwa Apache, niliandika mistari miwili:

Options +IncludesNOEXEC
XBitHack on

Mstari wa pili unaiambia Apache kwamba faili lolote la HTML lenye ruhusa ya kuendeshwa lisomwe kwa maagizo. Majina yanabaki yaleyale. Nikatoa ruhusa kwa chmod +x, kwa kurasa zote pamoja, amri ikifanyika hukohuko Marekani bila kupandisha faili hata moja kwenye ule mtandao wetu.

Mzee aliuliza hilo neno refu la mstari wa kwanza, IncludesNOEXEC, ni la nini. Nilifurahi kuulizwa, maana watu wengi huandika Includes peke yake na kuondoka. Tovuti yetu ilikuwa na kitabu cha wageni, na waliyoyaandika watalii yalihifadhiwa ndani ya ukurasa. Maagizo ya seva yana moja liitwalo exec, la kuendesha amri kwenye mashine yenyewe. Mgeni mwenye nia mbaya angeweza kuliandika katikati ya sifa za sokwe.

"Na seva ingemtii?"

"Ingemtii. NOEXEC inaikataza."

"Basi liache hapohapo."

Tukafungua ukurasa wa bei. Safari hii chini palikuwa na sentensi ya Kiingereza ndani ya mabano ya mraba, kwamba kumetokea hitilafu wakati wa kuchakata agizo. Mzee akanuna. Mimi nilikuwa karibu kupiga makofi: seva imeanza kusoma! Kilichobaki kilikuwa neno moja la kijana. Alitumia file, ambalo halikubali njia inayoanza na mkwaju, yaani alama ya /. Anayetaka kuhesabu kutoka mzizi wa tovuti anatumia virtual. Nikalibadilisha kwa amri moja ya sed kwenye kurasa zote. Nafasi iliyo kabla ya alama za kufungia sikuigusa, kwa sababu ikikosekana, alama hizo zinaweza kusomwa kama sehemu ya agizo.

Namba ikatokea, kwenye bei, kwenye ratiba ya boti, kila mahali. Mzee alivaa miwani akaisoma tarakimu kwa tarakimu, akailinganisha na kadi aliyokuwa nayo mfukoni. Kisha akaniuliza kama na bei nazo zinaweza kukaa kwenye faili moja namna hiyo, kwani dizeli ya boti imepanda tena.

Nikamwambia zinaweza, anisomee.