Yuzu-miso ya Kyoto: nilivyolifikia duka, nilivyoibeba na nilivyoisonga nyumbani

Duka linaitwa Yaosan. Liko barabara ya Anekoji, katikati ya mji wa Kyoto, Japani, na lilianzishwa mwaka 1708. Kinacholipa jina ni kitu kimoja tu: yuzu-miso, yaani miso (kikolezo kizito cha soya iliyochachushwa) iliyosongwa motoni mpaka ikalainika, ikabeba harufu ya ganda la tunda la yuzu. Nimeandika haya kwa ajili ya anayetaka kwenda, na zaidi kwa ajili ya anayetaka kuipika mwenyewe baada ya kuionja, kwa sababu kopo moja huisha haraka.

Kwanza tuelewane kuhusu tunda. Yuzu ni ndugu wa chenza, ukubwa unakaribiana, lakini ngozi yake ina mabonde na ndani imejaa mbegu kuliko maji. Ukiimenya ukaila kama chenza utakunja uso. Thamani yake iko kwenye ganda: ukilikwaruza kwa ukucha inatoka harufu iliyo kati ya ndimu na chenza, yenye ukali kidogo wa majani mabichi. Mafuta ya harufu hiyo yamo kwenye vijishimo vya ngozi ya juu, na yanaruka upesi. Karibu kila nitakachosema hapa chini, kuanzia mwezi wa kwenda mpaka dakika ya kuzima moto, kinahusu namna ya kutoyapoteza mafuta hayo.

Yuzu huanza kijani mwishoni mwa kiangazi, ikaiva njano Novemba na Desemba. Mkoa unaozalisha kwa wingi ni Kochi, kisiwani Shikoku, lakini Kyoto wana yuzu zao za kijiji cha Mizuo, chini ya mlima Atago, ambako miti mingi imeoteshwa kwa mbegu badala ya kuunganishwa. Mti wa mbegu unachelewa mno; Wajapani wana msemo kwamba yuzu huzaa baada ya miaka 18. Nilikwenda Desemba, na nakushauri mwezi huo huo, maana utapata miso dukani na matunda mabichi sokoni Nishiki, dakika chache kwa mguu, ukaweza kulinganisha harufu ya ganda bichi na ile iliyokwisha kuingia kwenye miso.

Kufika si kazi. Kutoka stesheni ya Kyoto panda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Karasuma kuelekea kaskazini. Kituo cha tatu ni Karasuma Oike. Ukitoka juu, shuka kusini kwa kufuata barabara ya Karasuma. Anekoji ni mtaa wa kwanza kusini mwa barabara ya Oike. Alama nzuri ni jengo la Shinpuhkan, la matofali, lililojengwa mwaka 1926 kuwa ofisi kuu ya simu: hilo ndilo kona yako. Ingia mashariki, na duka liko kabla hujafika barabara ya Higashinotoin.

Anwani za Kyoto ndizo zinazowachanganya wageni. Ya hapa inasomeka «Anekoji-dori Higashinotoin nishi-iru», maana yake: uko Anekoji, umefika makutano ya Higashinotoin, sasa ingia magharibi. Nishi-iru ni kuingia magharibi, higashi-iru mashariki, agaru ni kupanda kaskazini, sagaru ni kushuka kusini. Ukishika maneno hayo manne unaweza kulipata duka lolote la zamani la mji huu bila kuhangaika na namba ya nyumba. Mimi nilitafuta namba, nikapita mlangoni bila kujua.

Kilichonirudisha ni ubao. Juu ya mlango kuna ubao mkubwa uliochongwa maandishi ya «yuzu-miso», kazi ya Kitaoji Rosanjin, mzaliwa wa Kyoto wa mwaka 1883 aliyekuja kuwa mfinyanzi na mpishi mkubwa wa Japani, lakini ujanani riziki yake ilikuwa kuandika na kuchonga mabao ya maduka. Simama upande wa pili wa mtaa uutazame vizuri kabla hujaingia. Mistari ni minene, ina uzito, na unaona patasi ilipozama zaidi. Mtaa huo huo una mabao mengine ya mikono mashuhuri: la duka la rangi za kuchorea, Saiundo, liliandikwa na mchoraji Tomioka Tessai, na la duka la Shunpodo liliandikwa na mchoraji Takeuchi Seiho. Kwa mpenda maandishi ya mkono, safari imeshalipa hapo.

Kuhusu kuingia: maduka ya aina hii huning'iniza pazia fupi mlangoni, noren. Likiwepo, pako wazi. Lisipokuwepo, pamefungwa hata kama taa inawaka. Siku za mapumziko za maduka ya zamani hazifuati utaratibu wa maduka makubwa, kwa hiyo mwombe mtu wa hoteli akupigie simu asubuhi ile ile. Vua begi la mgongoni ulishike mbele, kwani nafasi ni finyu na bidhaa ziko karibu. Sema «gomen kudasai», ambayo kwetu ni hodi, usubiri mtu atoke ndani. Beba fedha taslimu, uziweke kwenye kisahani kilicho kaunta, si mkononi mwa muuzaji.

Maswali matatu yalinisaidia, nami niliyaandika kwenye karatasi kabla ya kwenda. «Jo-on de daijobu desu ka», je, inakaa bila friji? «Osake wa haitte imasu ka», ina pombe? «Tamago wa haitte imasu ka», ina yai? Swali la pombe ni la lazima kwa Mwislamu, na lisiishie kwenye duka moja. Miso ya kusongwa hupikwa mara nyingi kwa sake, pombe ya mchele, na mirin, pombe tamu ya kupikia, na hata miso ya kawaida ya dukani hutiwa kilevi kidogo ili isiendelee kuchacha kwenye pakiti. Kwenye lebo tafuta herufi 酒精, hicho ndicho kilevi. 要冷蔵 ni «iwekwe kwenye friji». 賞味期限 ni tarehe ya mwisho ya kuwa na ubora wake kamili, na inaandikwa mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Viambato vyenyewe vinapangwa kuanzia kilicho kizito zaidi, kwa hiyo sukari ikitangulia miso, unajua unanunua nini.

Nilichukua kile chungu kidogo cha kauri chenye umbo la yuzu. Kinapendeza na ni zawadi nzuri, ila kwa matumizi ya nyumbani nunua pakiti ya kawaida; kauri inakula uzito wa mzigo.

Kwenye ndege, miso inahesabiwa kama kimiminika. Kitu chochote cha kupakaa kinachozidi mililita 100 kitazuiwa kwenye mzigo wa mkononi, na pakiti za barafu ya jeli pia. Iweke kwenye sanduku la chini. Funga kifuniko kwa plastiki ya kufungia chakula, tia kwenye mifuko miwili ya zipu iliyotolewa hewa, kisha izungushie nguo katikati ya sanduku. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Japani hadi Dar es Salaam wala Nairobi, kwa hiyo hesabu zaidi ya saa 20 mzigo ukiwa njiani. Miso iliyosongwa na sukari inavumilia. Miso nyeupe mbichi haivumilii kirahisi: chumvi yake ni asilimia 5 hivi tu, kwa hiyo inaendelea kuchacha, na pakiti inavimba. Matunda mabichi usiyabebe. Yanahitaji cheti cha afya ya mimea.

Sasa jikoni, ambako ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi.

Miso ni maharage ya soya yaliyopikwa, yakapondwa, yakachanganywa na chumvi na koji, yaani mchele uliooteshwa kuvu. Ile nyeupe ya Kyoto, Saikyo miso, ina koji nyingi kuliko soya na inachacha kwa wiki chache tu, ndiyo maana ni tamu. Miso ya kawaida, ya njano au nyekundu, ina chumvi kama asilimia 12. Tofauti hiyo ndiyo iliyoniharibia mara ya kwanza. Gramu 200 za nyeupe zina gramu 10 za chumvi; gramu 200 za nyekundu zina karibu 24. Nilifuata kipimo cha nyeupe nikitumia nyekundu, sufuria nzima ikawa haililiki, na sukari niliyoiongeza haikuokoa kitu.

Kwa miso nyeupe: gramu 200, sukari vijiko viwili vya chakula, mirin vijiko viwili, sake vijiko vitatu, kiini cha yai moja, ganda la yuzu moja lililokwanguliwa na maji yake kijiko kimoja. Asiyetumia pombe aweke vijiko vitano vya maji yaliyolowekwa mwani wa kombu na aongeze sukari kijiko kimoja. Kwa miso ya njano au nyekundu: gramu 100, sukari gramu 70, maji mililita 80, vilivyobaki vile vile.

Changanya kila kitu, isipokuwa yuzu, sufuria ikiwa baridi bado. Hili la baridi ni muhimu: kiini kikiingia kwenye miso ya moto kinaiva punje punje, na ukishaziona punje umechelewa, hapo ni kuchuja. Washa moto mdogo kabisa, songa kwa mwiko wa mbao uliokatwa mraba mbele ili ufike pembeni mwa sufuria. Dakika za mwanzo itakuwa nyepesi kuliko ulivyoianza, usiogope, ni sukari inayoyeyuka. Baada ya dakika kama 8 hadi 10 itaanza kung'aa. Pitisha mwiko katikati: ukiona chini ya sufuria kwa muda wa pumzi moja kabla miso haijarudi kufunika, zima. Ukingoja iwe nzito kama unavyoitaka mezani, ikipoa itakuwa ngumu kama halua. Na usiiache hata nusu dakika, sukari inashika chini na harufu ya kuungua inaenea yote. Ikishashika, mimina ya juu kwenye chombo kingine bila kukwangua chini.

Ganda linaingia baada ya kuzima, miso ikiwa imepoa kiasi cha kuweza kugusa ubavu wa sufuria. Ukilitia moto ukiwaka, jiko litanukia vizuri sana, na hiyo ndiyo harufu uliyokuwa unataka kuila. Kwangua rangi ya njano peke yake, kwa matundu madogo kabisa ya kile cha kukwangulia karoti, ukizungusha tunda kila baada ya mkwaruzo mmoja au miwili. Nyama nyeupe iliyo chini ndiyo yenye uchungu, na uchungu wake hauonekani siku ya kwanza. Unakuja kesho yake, miso ikishatulia kwenye friji.

Huku kwetu yuzu haipatikani, na wengi hukimbilia ndimu. Ndimu inaleta ukali lakini harufu yake ni nyembamba, inazamishwa na miso. Nililoliona linakaribia zaidi ni danzi. Ganda la nusu danzi pamoja na ganda la nusu chenza, na maji ya danzi kijiko kimoja, kwa gramu 200 za miso nyeupe. Danzi lina uchungu kuliko yuzu, kwa hiyo usizidishe, na ukilikata vipande badala ya kukwangua, vipitishe kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja kisha umwage maji hayo.

Chakula chake cha asili ni figili nyeupe ndefu, daikon. Kata vipande vya sentimeta tatu, menya ganda nene mpaka upite ule mstari wa nyuzi, punguza kingo kali ili visivunjike, na upande mmoja chora msalaba wa kina cha sentimeta moja. Chemsha kwenye maji ya kuoshea mchele dakika 30 hadi 40, suuza, kisha acha vitulie kwenye maji ya moto yenye kipande cha kombu. Kijiti kikiingia bila kukataa, viko tayari. Juu ya kila kipande weka kijiko kimoja cha chai cha yuzu-miso, si zaidi.

Magimbi yanafaa vile vile, na Wajapani wenyewe hula ya kwao, madogo, kwa namna hii: chemsha, tunga kwenye vijiti, paka miso, babua juu ya mkaa mpaka ianze kupata madoa. Biringani lililopasuliwa katikati likakaangwa nalo halina neno. Kwa chochote kinachorudi motoni, nyunyiza ganda jipya kidogo wakati wa kuandaa, kwa sababu moto wa pili umeshachukua lile la kwanza.

Yenye kiini cha yai imalize ndani ya wiki mbili kwenye friji. Isiyo na yai inakwenda mwezi. Kwenye friza haigandi kabisa kwa sababu ya chumvi na sukari, unachota kwa kijiko moja kwa moja. Na msimu wa danzi ukifika, kwangua matano au sita kwa pamoja, tandaza ganda jembamba ndani ya plastiki, ulikunje, ulitie friza. Vunja kipande unapohitaji, ukiweke kwenye miso kikiwa bado na barafu.