Matumbawe meupe

Jana nilizamia kwenye mwamba niliouzoea miaka mingi, nikatoka majini na simanzi. Matumbawe yamekuwa meupe kama chokaa! Ndani ya tumbawe huishi mwani mdogo mno, ndio unaolilisha na kulipa rangi. Joto la maji likizidi kiwango cha juu kilichozoeleka kwa nyuzi 1 tu, wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huufukuza mwani huo na kubaki na njaa. Bado halijafa, jamani. Maji yakipoa mapema, hupona.

Lakini kuna samaki wanaoishi kwa kula matumbawe tu. Nilimwona mmoja, wa manjano, akidonoa tawi jeupe, akaliacha. Akaenda la pili, akaliacha pia. Usiku kucha nimemwaza.