Upande wa Pili

Wiki hii mdogo wetu wa mwisho ameolewa, nami nimepata ile barua ya kupandishwa cheo niliyoingoja miaka minne, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno matatu aliyoyasema baba Jumapili jioni, barazani kwake Isevya.

Nilimpelekea albamu iliyotolewa upya ya Mbaraka Mwinshehe, nyimbo za enzi za Morogoro Jazz, kabla hajaunda Super Volcano. Mnakumbuka jinsi santuri za baba zilivyoharibika paa lilipovuja. Tangu hapo hazitaji. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na wimbo ulipofika katikati, magitaa yakiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, akainua mkono.

“Mama, mbona hukugeuza?”

Nikamweleza kwamba siku hizi hakuna cha kugeuza, fundi ameziunganisha pande zote mbili.

“Basi huna kazi.”

Santuri ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika tatu au nne tu kila upande, na muziki wa dansi haukuenea humo. Kwa hiyo wimbo ulikatwa: hadithi na mashairi upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Kuigeuza ilikuwa kazi yangu, wala si ya kaka zangu, kwa kuwa mkono wangu haukutetemeka. Katika kimya kile mama alimalizia alichokuwa akisema, mgeni akaongezewa chai, na baba akasimama, akakaza mkanda, tayari kucheza. Fundi wa albamu hii ameondoa mikwaruzo kwa ustadi mkubwa, na kimya kile ameondoka nacho.

Huna kazi. Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyowahi kugeuza santuri yoyote. Alinitania? Baba akitania huongezea neno la pili, na safari hii hakuongezea. Barua ya cheo ilikuwa mkobani mwangu, nami nikashindwa kuitoa.

Jana mtoto wa kaka akaweka singeli, albamu ya Sounds of Sisso, ambayo Nyege Nyege Tapes wa Kampala waliitoa mwaka 2017 wakikusanya kazi za vijana wa Dar es Salaam. Kasi yake mnaijua. Nilidhani baba ataingia ndani. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza kwa upole, “Babu, hii inaanzia upande wa pili?”

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Sijasoma uchambuzi wa singeli ulio sahihi kuliko huo.

Baadaye akaomba tumrudie Mbaraka. Nikaishika simu, nikausubiri ule mpito, nikabonyeza kusimamisha, nikahesabu hadi kumi, nikaachia.

“Umechelewa,” akasema. “Chemko lilishaanza.” Lakini alikuwa amesimama.

Alisimama kwa kuegemea nguzo. Mguu wake wa kushoto umevimba hadi kandambili haiingii, naye anashikilia kwamba ni viatu vya harusi, ilhali harusi ilikuwa Jumamosi na leo ni Ijumaa.